Ndoa ya Kiamu Mbele ya Dirisha la Viza

Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiulizi kama mume na mke wanapendana. Inauliza kama ndoa yao ni halali pale ilipofungwa, na kama waliifunga kwa nia ya kuishi pamoja, wala si kwa ajili ya kupata kibali cha kuingia nchini. Naanza na jambo hili kwa sababu, katika kipindi chote ambacho mimi na mume wangu tulikuwa tukijitayarisha kwa mahojiano katika ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, karibu kila aliyetupa shauri alikuwa analisahau. Tuliambiwa tupige picha za kukumbatiana katika ufuo wa Shela. Tuliambiwa tuseme kwamba tulijuana kupitia Facebook, kwa kuwa habari hiyo afisa huielewa upesi. Mtu mmoja mwema, asiyetutakia ila heri, alitaka tukodi ukumbi na kupigwa picha upya tukivishana pete, ilhali katika harusi yetu hakuna aliyevishwa pete. Mashauri hayo yote tuliyakataa, na makala haya nayaandika ili kueleza kwa nini tuliyakataa na tulipeleka nini badala yake, kwa sababu najua Lamu, Malindi na Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo hivi sasa zina bibi harusi anayesubiri barua kama ile tuliyoisubiri sisi.

Sababu ya kwanza ni ya dini na haihitaji maelezo marefu: uongo ni uongo. Sababu ya pili ni ya sheria. Anayemdanganya afisa wa viza katika jambo lenye uzito anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote, hata kama ndoa yake ni ya kweli tangu mwanzo. Ndoa ya hila ina adhabu kali zaidi, kwa maana sheria yao inataja kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000, na aliyewahi kubainika kufunga ndoa ya namna hiyo hawezi kuombewa tena na mume au mke mwingine. Fikiria basi watu wawili waliooana kihalali, wazazi wakiwa radhi na mtaa mzima ukiwa shahidi, wakabuni kisa cha Facebook kwa kuogopa tu kwamba kisa chao wenyewe hakitaeleweka. Wameuweka ukweli wao hatarini pasipo haja yoyote.

Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, mjini Lamu. Mume wangu alizaliwa Langoni, upande wa pili wa mji huohuo, akaondoka na wazazi wake angali mdogo, akakulia Columbus katika jimbo la Ohio na kuwa raia huko. Mamake, yaani mavyaa wangu, hakuwahi kukata mguu Lamu, na ndiye aliyekuja kwetu na posa. Kabla posa haijajibiwa tuliruhusiwa kuonana sebuleni, nyanya yangu akiwa ameketi papo hapo na tasbihi yake, tukazungumza tangu adhuhuri hadi alasiri. Baada ya kujibiwa tulizungumza kwa simu, wazazi wakijua, mpaka siku ya nikaha. Hicho ndicho kisa chetu chote, na hakuna sehemu yake ninayoona haya kuisimulia mbele ya mtu yeyote.

Safari ya karatasi huanzia kwa yule aliye raia. Mume wangu aliwasilisha fomu I-130, yaani ombi la kumwombea mke, katika idara ya uraia na uhamiaji ya nchi yake, akaambatisha cheti cha ndoa na ushahidi wa awali. Idara ilipokubali, faili lilihamia Kituo cha Taifa cha Viza, ambako ada ya viza ya dola 325 hulipwa, ambako mke hujaza fomu ndefu iitwayo DS-260, na ambako mume huahidi kwa fomu I-864 kwamba kipato chake kinafikia angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali yao kila mwaka. Upande wa Kenya hutakiwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema cha polisi ambacho huombwa kupitia eCitizen na kufuatiwa na alama za vidole, na uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, pamoja na picha ya kifua na chanjo zinazokosekana. Mambo hayo yanataka subira na mtu mwangalifu wa kuhifadhi nakala, basi. Kinachotaka kufikiriwa kwa kina ni mahojiano.

Mume aliye raia halazimiki kusimama na mkewe ubalozini. Walio tayari ndani ya Marekani, wanaoomba kubadilishiwa hadhi kwa fomu I-485, ndio ambao kwa kawaida huitwa wote wawili, na afisa akiingiwa na shaka anaweza kuwatenganisha, akamuuliza kila mmoja peke yake maswali yaleyale na kuyalinganisha majibu. Mawakili wa uhamiaji huyaita mahojiano ya namna hiyo Stokes, kwa jina la kesi ya New York ya miaka ya 1970. Kwetu tulio nje, anayehojiwa hasa ni mwombaji wa viza. Hata hivyo mume wangu aliomba likizo akaja, na baba yangu alifurahi mno, kwa kuwa haoni fahari mwanawe aliyeolewa kusimama peke yake mbele ya serikali ya watu ilhali mumewe ana uwezo wa kusafiri.

Nimesema kwamba swali la kwanza ni uhalali wa ndoa, na hapa ndipo desturi yetu inapotakiwa kuelezwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote. Nikaha yetu ilifungwa msikitini baada ya sala ya Isha. Msomaji wa Lamu hatashangaa nikisema kwamba mimi sikuwepo, lakini afisa aliyetoka ng'ambo ana haki ya kushangaa. Nilikuwa nyumbani, chumba cha ndani, pamoja na somo wangu, yaani kungwi wangu, na wanawake wa ukoo. Kabla ya hapo sheikh aliyetufungisha alikuja na mashahidi wawili hadi mlangoni, akaniuliza mara tatu kama nimeridhia kuozwa mtu huyu kwa mahari haya, nami nikajibu kwa sauti waliyoisikia wote watatu. Kisha wakaenda msikitini, na baba yangu, akiwa ndiye walii wangu, akamshika mume wangu mkono na kumuozesha. Kwa hiyo picha za nikaha yetu, ambazo nazipenda sana, zinaonyesha wanaume wawili wakishikana mikono katikati ya umati wa kanzu na kofia. Bibi harusi hayumo katika hata moja.

Sasa, sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, katika kifungu kinachoeleza nani atahesabiwa kuwa mume au mke wa mtu, haitambui ndoa ambayo waoanaji hawakuwa pamoja mahali pamoja wakati wa kufungwa kwake, isipokuwa kama baada ya hapo walikutana kimwili. Kifungu hicho kinahusu ndoa zinazofungwa kwa uwakilishi. Akikisoma mtu aliyeiona picha ya baba yangu na mkwewe, anaweza kujiuliza kama hii nayo si miongoni mwazo. Wakili mmoja aliyetusaidia kusoma fomu alitueleza kwamba dawa yake ni kuonyesha wazi maisha ya baada ya nikaha, nasi tukafanya hivyo. Tulitoa nakala za pasipoti ya mume wangu zenye muhuri wa kuingia Kenya kabla ya tarehe ya nikaha na muhuri wa kutoka majuma kadhaa baada yake. Sheikh alituandikia barua akieleza hatua kwa hatua jinsi ridhaa yangu ilivyochukuliwa, nani alishuhudia, nikaha ilisomwa wapi, na kwamba usiku uleule mume aliletwa nyumbani kwetu kunipa mkono. Somo wangu akaeleza katika hati ya kiapo kwamba fungate tulikaa chini ya uangalizi wake, siku saba kamili, akituletea chakula kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mzima akisoma maneno hayo anaelewa yaliyobaki, na hapana aliyelazimika kutamka jambo la aibu.

Hapa lazima nizungumze na wale waliooana kwa simu. Ninawajua mabinti wa hapa Lamu ambao nikaha zao zilisomwa mume akiwa ughaibuni, ama kwa kumpa wakala mamlaka ya kupokea kwa niaba yake, ama kwa kuunganishwa kwa simu na msikiti. Kwa hukumu za dini wanavyuoni wana maelezo yao, nami siyaingilii. Lakini kwa sheria ya Marekani, mume akiwasilisha fomu I-130 kabla hajakanyaga Kenya na kuishi na mkewe, ombi hilo halina mashiko, hata kama kadhi ametoa cheti na hata kama mahari yamelipwa hadi senti ya mwisho. Mume aje kwanza, waishi kama mke na mume, ahifadhi tiketi na mihuri ya pasipoti, ndipo aandike ombi. Hili ni jambo la kusemwa na wazee siku ya posa, wakati tarehe zinapopangwa, maana likigunduliwa baadaye linawagharimu wanandoa fedha nyingi na muda ambao hauwezi kurudi.

Suala la picha lilitutaabisha zaidi kuliko sheria. Siku ya kupambwa na kutolewa nje mbele ya wanawake, simu zote hukusanywa mlangoni, na hiyo ni heshima ambayo mji wetu umeitunza hata katika zama hizi ambapo kila mtu ana kamera mkononi. Picha chache zilizopo ziko kwa binamu yangu wa kike, na hapana mwanamume asiye maharimu wangu aliyewahi kuziona. Mume wangu, ambaye amelelewa Ohio na anazijua ofisi za kule, aliwaza kwamba tungeweka moja tu, ile isiyoonyesha nywele sana. Nilimwambia kwamba iwapo ndoa yangu haiwezi kusadikiwa mpaka uzuri wangu wa siku ile uwekwe kwenye faili la serikali, basi kuna ushahidi mwingine ambao bado hatujautafuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ni kweli. Tukautafuta.

Tulichagua picha za maisha yetu tukiwa tumevaa tunavyovaa: mimi na buibui langu, yeye na kikoi au suruali, siku ya Idi tukiwa na watoto wa dada yangu, kwenye gati tukimpokea babake, wakati wa Maulidi ambapo ukoo mzima ulikuwa umejaa kwenye baraza ya nyumba yetu. Nyuma ya kila picha tuliandika tarehe, mahali na majina ya waliomo, pamoja na uhusiano wao nasi. Naamini picha moja ya wazazi wa pande zote mbili wakila sinia moja ina uzito kuliko picha nyingi za watu wawili waliokumbatiana mbele ya bahari, kwa sababu watu wawili wanaweza kupanga hila, bali ni vigumu kuwashirikisha katika hila hiyo nyanya, mashangazi, majirani na watoto, tena kwa muda mrefu. Juu ya picha hizo tuliweka ukurasa mmoja wa maelezo, tulioutia saini sote wawili, unaosema kwamba katika desturi yetu bibi harusi hapigwi picha hadharani, kwamba wachumba hawatoki pamoja kabla ya nikaha, na kwamba kwa sababu hiyo afisa hatakuta picha ya kabla ya ndoa.

Kisha kukawa na habari ya nyumba. Orodha za ushahidi zinazosambazwa hutaja mkataba wa kupanga wenye majina ya wote wawili, bili za umeme na maji, na akaunti ya benki ya pamoja. Kwetu Lamu, katika koo nyingi za zamani, baba humpa bintiye mahali pa kuishi na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Ndiyo sababu nyumba nyingi za mawe zimeongezwa orofa, na nyingine zimeunganishwa kwa wikio, yaani daraja la juu ya kichochoro. Baba alitupa orofa ya juu. Hatuna mkataba, kwa kuwa haiingii akilini baba kumwandikia mwanawe mkataba. Bili ya umeme inakuja hadi leo kwa jina la babu yangu, aliyekwisha kufariki. Kwa mtu anayetazama karatasi tu, mimi na mume wangu hatukuwahi kukaa popote.

Ushahidi wetu ukawa ni watu, na hapa nina maoni ambayo ningependa yazingatiwe. Nimeziona hati za kiapo za wanandoa wengine, na nyingi zimeandikwa kwa maneno yaleyale, kwamba fulani na fulani ni mume na mke na wanapendana sana, kisha saini kumi za watu mbalimbali. Hati kama hizo hazina faida kubwa, kwa sababu hakuna anayeeleza alichokiona yeye mwenyewe. Sisi tulimwomba kila shahidi aeleze lile alilolishuhudia kwa macho yake. Baba alieleza lini alitupa orofa na vyumba gani vilitengenezwa kwa ajili yetu. Fundi seremala alieleza kitanda alichokichonga na nani aliyemlipa. Jirani wa mlango wa pili, ambaye huwahi sala ya alfajiri, alisema kwamba kila mume wangu anapokuwa nchini huenda naye msikitini, na anapoondoka ni yeye anayemsindikiza hadi kwenye boti. Chifu akaandika barua ya kuthibitisha makazi. Wote walikula kiapo mbele ya kamishna wa viapo, nakala za vitambulisho zikaambatishwa, na kila hati ilikuwa na sura yake na sauti yake.

Fedha nazo zilikuwa na njia yake. Mume wangu hutuma matumizi kila mwezi, lakini miezi ya mwanzo alikuwa akiyatuma kwa baba, kwa adabu, kwa kuwa hakutaka ionekane kana kwamba amempita mwenye nyumba. Taarifa ya M-Pesa ikaonyesha kwamba mfadhili mkubwa wa baba yangu ni kijana mmoja wa Columbus. Tuliiambatisha vivyo hivyo, na baba akaongeza aya katika hati yake akieleza kwamba fedha zile zilikuwa ni matumizi yangu na kwamba alinikabidhi.

Majina yalihitaji hati yake pekee. Katika ofisi za huku, Fatma wa cheti cha kuzaliwa huwa Fatuma wa kitambulisho na Fatima wa pasipoti, na jina la ukoo huonekana mahali pamoja na kutoonekana pengine. Mimi pia nilikuwa na tofauti ya herufi kati ya hati mbili, ikatubidi kuapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Aidha, mwanamke wa kwetu haachi jina la babake kwa kuolewa, na ni vizuri kulisema hilo mapema.

Kutoka Lamu tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa, na kutoka Mombasa tukachukua treni ya SGR. Hati asilia nilizishika mapajani njia nzima, kwa kuwa mzigo wa chini ya basi hufunguliwa na kufungwa kwenye kila kizuizi. Siku ya mahojiano simu haziingii ubalozini, kwa hiyo nambari za dharura na anwani ya nyumba ya Columbus nilikuwa nimezihifadhi kichwani. Hati zilipokelewa kwanza kwenye dirisha moja, alama za vidole zikachukuliwa, na baada ya kungoja tukaitwa kwenye dirisha la afisa, ambaye tulimwona nyuma ya kioo. Niliinua mkono wa kulia nikaapa kusema kweli. Niliomba tuzungumze kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza nakifahamu, kwa sababu mambo haya nimeyaishi kwa Kiswahili na sikutaka kupunguza neno wala kuongeza.

Alianza na swali la namna tulivyojuana, nami nikasimulia posa ya mavyaa. Alipekua picha, akauliza mbona hakuna hata moja ya kabla ya ndoa. Nilijibu kwamba kabla ya ndoa hakuwa mume wangu. Akausoma tena ule ukurasa wetu wa maelezo, akaandika jambo fulani. Baada ya hapo alimwomba mume wangu akaketi nyuma, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu aliyenilazimisha. Swali hilo lilinigusa, kwa sababu niliona kwamba hakuwa akinitafutia kosa, alikuwa akinilinda. Nilimweleza jinsi sheikh alivyoniuliza mara tatu, na kwamba kabla ya posa hii ilikuja nyingine ambayo niliikataa, na baba akairudisha kwa heshima pasipo kunikasirikia. Posa iliyokataliwa haina karatasi, lakini nadhani ndiyo iliyomwonyesha kwamba hii ya pili niliikubali kwa hiari yangu.

Mume wangu alipoitwa tena aliulizwa ndugu zangu ni wangapi na wanafanya nini. Aliwataja mmoja mmoja, hadi mdogo wetu ambaye ni mvuvi, na ambaye juma lile mashine ya boti yake ilikuwa imeharibika, akaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoa fedha za spea. Hatukushikana mikono pale dirishani, wala hatukutazamana sana. Hatujazoea kufanya hivyo mbele za watu, na sikuona sababu ya kuanza siku ile.

Aliulizwa pia kama ana mke mwingine. Swali hilo lina msingi wake: Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inaichukulia ndoa ya Kiislamu kuwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, na Marekani humkatalia viza ya uhamiaji anayekwenda kuishi katika ndoa ya wake wengi. Jibu la mume wangu lilikuwa la, na ndivyo ilivyo. Aliyewahi kuoa au kuolewa awe na cheti cha talaka kilichosajiliwa, maana maneno ya wazee kwamba waliachana zamani hayatoshi. Tuliulizwa vilevile kama sisi ni jamaa, nasi tukaeleza kwamba undugu wetu ni wa mbali. Ndoa ya watoto wa ami ni ya kawaida kwetu, na majimbo kama California na New York yanairuhusu, ilhali Texas inaikataza, kwa hiyo walio na undugu wa karibu wamuulize wakili kuhusu jimbo wanalokwenda kabla hawajaanza.

Afisa alituambia viza imekubaliwa, akaibakisha pasipoti yangu. Sasa ninayo, na mume wangu amekwisha kurudi kazini. Bado nipo Lamu, na kubaki huku kumepangwa. Tangu mwaka 1986 sheria yao inasema kwamba mke ambaye ndoa yake haijatimiza miaka miwili siku anayoingia Marekani hupewa ukaazi wa masharti, kadi ya miaka miwili, na mume na mke hulazimika kuwasilisha pamoja fomu I-751 katika siku 90 za mwisho ili masharti yaondolewe. Ndoa ikiwa imetimiza miaka miwili siku ya kuingia, kadi huwa ya miaka kumi na fomu hiyo haihitajiki. Kinachoangaliwa ni siku ya kuingia, hata kama viza ilitolewa mapema na ikaandikwa CR1, alama ya ukaazi wa masharti, badala ya IR1, alama ya ukaazi usio na masharti. Miaka miwili yetu inatimia kabla viza yangu haijaisha.

Nyanya alihesabu kwa Rajabu na kuniambia kwamba muda umekwisha kutimia, nifunge mizigo. Lakini Wamarekani wanahesabu kwa kalenda ya miladi, na miaka miwili ya hijria ni mifupi kwa takriban siku 22. Cheti cha kadhi kina tarehe zote mbili. Tumeifuata ile ya miladi, tukaongeza siku chache kwa ajili ya tofauti ya saa na ucheleweshaji wa ndege, na mume wangu amekwisha kukata tiketi. Cheti chenyewe nitakishika mkononi, si ndani ya sanduku, ili afisa wa uwanja wa ndege akiona CR1 kwenye viza nimwonyeshe tarehe ya nikaha na kumwomba aandike IR1 kabla hajapiga muhuri.